Waya wa Pangaboi

Mtu akikishika kidani changu, kwanza hukiinua kwenye mwanga. Halafu huuliza, "Hiki kioo kimetoka wapi?" Nimeulizwa hivyo na watalii, na maharusi, na askari aliyekuwa akipekua mkoba wangu bandarini, na daktari wa meno huku mdomo wangu uko wazi na siwezi kujibu. Kioo ndicho kinachong'aa, siwalaumu. Lakini kioo sijui kilikotoka, na sijawahi kujua hata kimoja. Ninachokijua ni waya. Waya ningeweza kuutolea ushahidi mahakamani: huu ni wa pampu ya nyumba fulani, huu wa feni ya msikiti fulani, huu mota yake iliungua siku ambayo mwenyewe alikuwa na wageni. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza waya.

Umeme ulikatika Unguja tarehe 10 Desemba 2009. Mwaka uliotangulia tulishapitia kama mwezi mzima wa kiza, kwa hiyo siku za mwanzo hakuna aliyeshtuka. Tulidhani mchezo tunaujua. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari na kuibukia Fumba, na safari hii uliharibika vibaya zaidi. Ikapita wiki, zikapita mbili, ukaingia mwaka mpya, na Mji Mkongwe ukageuka mji wa jenereta. Kila duka lilifunga lake barazani kwa mnyororo kama mbuzi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, moshi hauna pa kutokea, ukipita na kanzu nyeupe unafika msikitini na kanzu ya rangi nyingine. Pampu hazivuti, maji hayapandi ghorofani, na sisi wasichana tukarudi kwenye ndoo kichwani kama zama za bibi zetu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nakaa kwa shangazi yangu Malindi. Shangazi alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Anayejua kofia za viua anajua maana yake: mwanamke anainama juu ya kitambaa cheupe miezi mitatu, minne, anatoboa na kuzungushia uzi kila kitundu, vitundu mamia kwa mamia, ili mwanamume aje aivae Ijumaa moja na kuilalia Ijumaa ya pili. Pembeni ya sanduku lake la nyuzi alikuwa na dondo, lile gamba kubwa la madoadoa, ambalo alilipitisha juu ya mshono kuulainisha. Umeme kukatika hakukumpunguzia kitu. Alisogea dirishani mchana, na usiku alisogeza kandili.

Ni kandili hilo lililoanzisha mambo yote. Siku moja mkono wa kandili ulikatika. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amekuja kutujulia hali. Yeye alikuwa fundi wa kusuka mota, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya Darajani. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha waya wa shaba, akauzungusha pale palipovunjika, mzunguko kando ya mzunguko, hata unywele haupiti katikati. Hakutumia chombo ila vidole na meno. Alipomaliza, ule mviringo wa shaba ulikuwa mzuri kuliko kandili lenyewe. Nikaukodolea macho. Mfukoni mwangu mimi nilikuwa na kigae cha chupa.

Kwetu vitu hivi havikuwa na jina la heshima. Vilikuwa vigae tu, sawa na vya vyungu na vya sahani, na tulivijua tangu utotoni kwa sababu ya onyo: vaeni viatu, pwani kuna vigae! Vilivyo vipya hukata. Vya zamani, vilivyokaa baharini miaka, havikati mtu. Vimekuwa butu, vina ukungu juu yake kama glasi iliyomiminiwa maji ya baridi. Watu husema mchanga ndio unaovisugua, na ni kweli, ila si mchanga peke yake. Kioo hupikwa kwa mchanga, magadi na chokaa, na maji ya bahari huyanyonya yale magadi taratibu kutoka usoni mwa kioo, yakiacha vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana kigae ulichokisugua wewe mwenyewe kwa msasa hakifanani na cha bahari. Nimejaribu, nakiri. Mnunuzi anayejua alikirudisha baada ya kukipitisha kwenye shavu.

Kile changu cha siku hiyo kilikuwa cha kijani. Nikajaribu kukifunga kwa kipande kilichobaki cha waya. Kikachomoka. Nikafunga tena, kikachomoka upande wa pili. Shangazi alinitazama juu ya miwani yake.

"Unamfunga kuku?"

"Namfunga huyu, shangazi."

"Basi na miguu umfunge. Umemfunga kiuno tu."

Kesho yake nilikwenda Darajani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Nataka waya."

Nilipomwonyesha kigae alicheka mpaka akaweka chini nyundo. Kisha akanielekeza kwenye pipa la mabaki. "Chukua huo. Ila ukae uukunjue mwenyewe, mie sina muda."

Muda kwa kweli hakuwa nao. Kiza kile kilikuwa neema kwake. Jenereta ndogo za barazani zilikuwa hazitulii. Mwenye jenereta moja anaunganisha nyumba nne, mmoja akiwasha pasi wengine wanazimika, akizima umeme unaruka juu, na mota za watu zinaungua. Pampu, feni, mashine za kusagia. Zilipangwa mbele ya kibanda chake kama wagonjwa. Niliketi pale siku nyingi nikitazama, na nikaja kujua kwamba fundi wa mota ni mtu wa kuhesabu kwanza. Anafungua, anahesabu mizunguko ya waya ulioungua, anapima unene wake kwa maikromita, anaandika kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga. Halafu anakata kichwa cha msuko kwa patasi, anauchoma ule uliobaki ili vanishi iliyougandisha iachie, na kuuvuta nje kwa koleo. Baada ya hapo anasuka mpya juu ya kalibu ya mbao, idadi ile ile, unene ule ule, anauingiza kwenye mifereji ya chuma iliyotandikwa karatasi, anaufunga kwa uzi, anaupaka vanishi. Waya wa zamani aliuuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mimi nilikuwa nikiwatangulia wanunuzi wa chakavu. Na kwa bahati, bila mtu kunieleza, pipa lile lilikuwa na kila nilichohitaji. Pampu ina waya mnene, kama milimita 0.8, huo unashika umbo, ndio mifupa. Feni ina waya mwembamba, milimita 0.3 na chini ya hapo. Huo ni wa kuzungushia, ndio mishipa. Moto wa mjomba ulikuwa umekwisha kunifanyia kazi ya tatu nisiyoijua: shaba iliyopita motoni huwa laini. Ukiipinda na kuipinda inakuwa ngumu, na ukiendelea inakatika, tena inakatika mwishoni kabisa, umebakiza mzunguko mmoja tu. Dawa yake ni kuirudisha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, uitumbukize majini, inalainika upya. Kwa chuma ungefanya hivyo ungekiharibu, shaba haijali.

Kuukunjua ndiko kulikoniua. Waya uliotoka kwenye mota umekunjamana kama nywele zilizofumuliwa. Niliufunga ncha moja kwenye komeo la mlango, nikaushika kwa kitambaa, nikarudi nyuma nikiuvuta kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tano, mara sita. Kitambaa kilitoka cheusi, viganja vyangu vilitoka na michirizi. Wageni wakigonga mlango, nafungua pamoja na waya.

Na ufundi wenyewe? Naueleza kwa kifupi kwa sababu mikono inajua zaidi kuliko maneno. Unachukua nyaya mbili nene, unazilaza sambamba, unazifunga pamoja katikati kwa waya mwembamba, mizunguko saba au minane iliyobanana. Unauweka huo mfungo chini ya kigae. Unazipandisha nyaya pembeni, kila upande moja mbele na moja nyuma, zikifuata umbo la kigae bila kulibishia. Kigae hakina umbo la kawaida, kina tumbo mahali pasipotegemewa, na ukilazimisha kitakuchomoka kama changu cha kwanza. Juu kabisa unazikutanisha, unazifunga shingo, unaacha kitanzi cha kupitishia uzi. Kisha, na hapa ndipo shangazi alipokuwa mwalimu wangu bila kuacha sindano yake, unaficha mkia.

"Mkia wa uzi ukionekana," aliniambia, "kofia yote haina maana. Mtu haangalii vitundu elfu, anaangalia mkia."

Mkia wa uzi unaudhi macho tu. Mkia wa waya unachoma. Nilichoma shingo za watu kadhaa kabla sijaelewa kwamba ncha lazima ibonyezwe ndani, iguse kigae, isiguse nyama.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisitoboe tu. Kutoboa kioo kunataka ncha ya almasi, maji ya kupoza, na umeme. Bila maji kinapasuka, na vumbi lake ni baya kwa kifua. Umeme haukuwapo. Kwa hiyo hata ningetaka kutoboa nisingeweza, na ufundi nilioubakisha mikononi ni ule ulioruhusiwa na kiza.

Kilichonitia aibu kwanza ni ukijani. Mnunuzi wangu wa kwanza, mwalimu wangu wa zamani, alivaa kidani siku ya joto akarudi na shingo ya kijani kibichi. Shaba tupu na jasho havikai pamoja. Tulijua kuing'arisha kwa ndimu na chumvi, au kwa ukwaju kama masinia ya nyumbani, lakini hiyo haizuii, inaahirisha. Mjomba ndiye aliyenitatulia bila kuinua kichwa. Alinirushia vipande vilivyokatwa kwenye waya mpya. Waya mpya wa mota una vanishi yake, rangi ya asali iliyochujwa, na vanishi hiyo ndiyo inayozuia mizunguko isigusane shaba kwa shaba. Basi ikazuia na jasho. Tangu siku ile waya wa kale ulioungua ukawa wa mbele, na mabaki ya waya mpya yakawa ya nyuma, upande wa ngozi.

Kwa ndoano za masikio nilimwendea sonara. Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, na mashine yake ya kung'arishia ilikuwa imelala kama zote. Lakini alikuwa na makaa, na bomba la kupulizia moto, na bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa; fedha anaichonga ncha, anaipitisha tundu la kwanza, anaivuta kwa koleo, halafu la pili, la tatu, mpaka inakuwa uzi. Hakuhitaji umeme kwa lolote la maana. Aliniuliza baba yangu ni nani, akataka kujua na babu yangu ni nani, ndipo akanionyesha riale moja ya Maria Theresa aliyoihifadhi. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780, na kila riale ya aina hiyo imeandikwa 1780, hata iliyopigwa miaka mia baadaye. Mitali na bangili nyingi za bibi zetu zilitokana na sarafu hizo kuyeyushwa. "Fedha hii," alisema, "haina kumbukumbu. Ukiiyeyusha imesahau." Sikumwelewa. Nilikuwa nafikiria bei ya ndoano.

Katika mfuko wangu siku hiyo mlikuwa na gamba dogo la chaza lenye tundu. Alilitoa, akalitia lenzi jichoni, akalizungusha.

"Nani kakutobolea?"

"Nimeliokota hivyo, babu."

"Hapana. Hii kazi ya mtu. Tazama, amelitanua juu, amelibana chini. Hata mimi siwezi bila mashine."

Si kazi ya mtu. Kuna konokono wa baharini anayejichimbia mchangani, akikutana na chaza mdogo anamkumbatia, na kwa ulimi wake wenye meno anakereza gamba, huku akitoa maji makali ya kulilainisha, saa nyingi, mpaka apate tundu la kumlia mwenzake. Wavuvi walinieleza nusu, nusu nyingine niliisoma baadaye. Nilipomrudia sonara na habari hiyo alikaa kimya, kisha akasema, "Muulize kama anataka kazi."

Magamba hayo yaliyotobolewa niliyapenda kuliko kitu chochote. Yalikuwa yamekufa kwa sababu zake, mimi nimekuta. Laiti ningebaki hapo.

Wanunuzi wanataka kinachong'aa, na gamba lililookotwa pwani haling'ai. Kauri yenye uso kama kigae cha sahani ni kauri iliyochukuliwa hai. Mwezi wa Januari, wakati wa bamvua, maji yalipokupwa mbali, muuzaji mmoja kutoka vijiji vya mashariki alinipitishia gunia. Nililipa akiba yangu yote. Nyama ilikuwa bado imo ndani. Aliniambia nizifukie mchangani wiki mbili, sisimizi na mainzi watazila. Hakuniambia nizifukie mbali na watu. Nilizifukia uani, katika jengo la ghorofa tatu lenye familia sita, bila maji ya mfereji, bila feni, mwezi wa kaskazi.

Siku ya nne nyumba nzima ilikuwa inamtafuta panya aliyekufa. Siku ya tano walinipata mimi. Sitaandika waliyoniambia. Nilizifukua usiku kwa beleshi la kuazima, nikazibeba hadi pwani ya Funguni na kuzimwaga, na shangazi akachoma udi siku tatu mfululizo bila kusema neno, jambo lililonitisha zaidi.

Baadaye nilisoma kwamba uvundo huo una historia. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, akina O'Swald miongoni mwao, walinunua kete kwenye pwani hii, zile ndogo zenye pete ya manjano mgongoni, wakazijaza melini na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa bado zinatumika kama fedha. Nazo zilikuwa lazima zioze kwanza. Mji mzima, nadhani, ulinuka kama ua wetu, ila ule ulinuka kwa faida.

Lakini aliyenifungia mlango wa kauri ni mwanamke mmoja mchokoaji wa pweza niliyekuwa nikikutana naye mwambani. Pweza akila huacha magamba mlangoni pake, na wachokoaji humjua kwa takataka hizo. Aliona kikapu changu akauliza nachukua hai au maiti. Nikasema zote. "Basi wewe na mie tunamvua pweza mmoja," alisema. "Mie namchukua yeye, wewe unamchukulia chakula." Akaendelea na fimbo yake. Toka hapo nikachukua maiti tu, na nikakubali kupoteza wateja wa kung'aa. Mmoja wao aliyenunua kwa mwenzangu gamba la kombe kubwa alinyang'anywa na forodha ya kwao, kwa sababu biashara ya gamba hilo kuvuka mipaka inataka kibali. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Februari likaja tamasha la Sauti za Busara. Lilifanyika kwa jenereta, ndani ya Ngome Kongwe, na nje ya ngome sisi wenye vitu vya mkono tulitandaza mikeka na kuwasha makandili. Sijui kama biashara yangu ingekuwa ile ile kwenye taa za umeme. Kigae kilichowekwa mbele ya mwali wa kandili kinawaka kutoka ndani. Cha kijani kinakuwa kama zabibu, cheupe kama kipande cha barafu, na cha kahawia, ambacho mchana hakina mpenzi, kinageuka rangi ya haluwa. Cha buluu sikuwa nacho ila kimoja. Buluu ile ni ya chupa za dawa za zamani, na hupatikana mara moja kwa miezi.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, na haukuanza na mimi. Papasi mmoja, kijana mwenye kuwaongoza wageni kwa kamisheni, alikuja na wanawake wawili, mmoja akauliza lile swali. Kabla sijafungua kinywa alijibu yeye: hiki ni kioo cha taa za jumba la Sultani, lililopigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita visivyofika saa moja, vioo vyote vikamwagikia baharini! Tarehe ilikuwa sahihi. Vita ni kweli. Mengine yalikuwa ya kwake. Walinunua vitano, yeye akachukua sehemu yake, na mimi nikagundua kwamba kigae kile kile cha shilingi 5,000 kinaweza kuwa cha shilingi 15,000 kikiwa na Sultani ndani yake.

Nilimtumia Sultani siku nne. Siku ya tano akaja bibi mmoja wa Kiingereza, mfupi, mwenye viatu vya kamba. Nilimpa hadithi yote pamoja na mizinga. Alikichukua kigae cha kahawia, akakizungusha, akakicheka kwa upole kabisa. "Binti yangu," alisema kwa Kiswahili cha kitabuni, "hii ni bia." Alitoka kaskazini-mashariki ya kwao, karibu na Seaham, ambako kilikuwepo kiwanda cha chupa tangu miaka ya 1850 hadi 1921, mabaki ya kioo yalitupwa baharini, na hadi leo watu huenda kuyaokota pwani. Alikulia juu ya vigae. Aliniambia vyao vina rangi nyingi kuliko vyetu, nikaona anajisifu. Lakini alinunua kile cha bia kwa bei ya Sultani, na tangu usiku ule nikaongeza neno "labda". Labda Sultani. Biashara haikupungua sana.

Hakuuliza waya, hata yeye.

Pangaboi la shangazi liliungua mwezi ule ule. Jirani alitupatia waya wa jenereta yake saa mbili za jioni, siku moja likazunguka kwa kasi ambayo halijapata kuzunguka, likatoa moshi, likasimama. Mjomba alilisuka upya bila malipo, maana ni shemeji. Ule waya wa zamani, mwembamba, uliokuwa umezunguka juu ya vichwa vyetu tangu mimi mtoto, alinipa mimi umefungwa kama donge la uzi. Nilimtengenezea shangazi kidani. Mifupa yake ilitoka kwenye pampu ya kisima cha jirani, mishipa ni ya pangaboi lake mwenyewe, na kigae ni cha kahawia, rangi ya haluwa, kizuri kuliko vyote nilivyookota msimu ule.

Alikipima mkononi. Akauliza lile swali.

"Hii chupa ya nini?"

Shangazi yangu hakuwahi kuikosa sala. Nilitazama pembeni.

"Ya dawa ya kikohozi, shangazi."

"Alhamdulillahi," alisema, akakivaa, akaenda nacho maulidini.

Umeme ulirudi mwezi wa Machi, usiku. Mtaa mzima ulipiga ukelele mmoja, kama goli. Pangaboi lilianza kuzunguka polepole na waya wake mpya. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni na kazi yangu yote ya miezi mitatu imepangwa kwenye sinia, na balbu ikawaka juu yake. Nikaona. Mizunguko niliyodhani imebanana ilikuwa imepanda juu kwa juu. Shingo za vidani zimepinda kushoto, zote kushoto, upande niliokuwa nikiwekea kandili. Mikia ipo nje. Miezi mitatu nilikuwa nikijisifu kwa sababu sioni.

Wiki iliyofuata nilivifumua vyote nilivyokuwa navyo, nikazirudisha nyaya motoni, nikaanza upya mchana. Matokeo yalikuwa yamekwisha kutoka, nayo hayakunipeleka popote, basi nikabaki na kazi hii, na sasa nina meza yangu na taa nzuri na wasichana wawili ninaowafundisha. Mjomba amezeeka, mota nyingi siku hizi hazisukwi, zinatupwa. Pwani nayo hutoa vigae vichache, kwa kuwa soda na maji vimehamia kwenye plastiki. Waya nanunua dukani, umeviringwa vizuri, haujawahi kuungua kwa mtu yeyote. Unafanya kazi yake.

Nilimwomba shangazi kile chake nikirekebishe. Alikataa. Nikaomba tena mwaka mwingine, akasema kilisokotwa kizani, kiachwe na kiza chake. Alikivaa miaka tisa.

Baada ya arubaini yake, binti yake alinigawia. Kilikuwa kwenye kimfuko cha kitambaa cha kofia, pamoja na dondo.

"Mama akikuombea sana," alisema. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Na akikusema pia. Kila akikivaa: mtoto yule kanivisha bia, na mie nikaenda nayo maulidini."

Nilikipeleka dirishani. Shaba ilikuwa nyeusi, kioo kimebaki vile vile. Shingo imepinda kushoto. Nikakigeuza kutazama ule mkia niliouacha nje, mkia wa pangaboi, ambao lazima ulimchoma tangu siku ya kwanza. Haukuonekana. Juu yake palikuwa na uzi mweupe wa viua, umezungushwa mzunguko kando ya mzunguko, hata unywele haupiti katikati.